Mkasi katika Kisanduku cha Saba

Ndugu waombolezaji, dada yetu aliyelala mbele yenu alizaliwa alfajiri ya Alhamisi, tarehe 4 Machi 1948, akiwa mtoto wa nne wa mshona viatu na mkunga, na kaka yake anayesoma historia hii ndiye aliyetumwa mbio kumwita bibi.

Alianza shule ya msingi Januari 1956, akamaliza darasa la nane mwaka 1963, akaendelea hadi kidato cha pili, kisha akasomea ualimu miaka miwili, na kuanzia tarehe 8 Januari 1968 hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2003 alifundisha hesabu katika shule moja, ambako wanafunzi walimwita Wino Mwekundu, maana kila daftari lililopita mikononi mwake lilirudi na vema palipo sahihi na mkasi palipo kosa, na alama ya tatu hakuwa nayo.

Tarehe 14 Agosti 1971 aliolewa na fundi saa, ambaye alichelewa harusini dakika arobaini na amekumbushwa jambo hilo hadi mwaka huu. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza akawatoka akiwa na miezi miwili, na mabinti wawili ndio hawa mnaowaona.

Mwaka 2009 aligundulika kuwa na ugonjwa wa sukari. Tarehe 11 Mei 2012, akiwa kwenye benchi la kliniki, aliombwa kushiriki utafiti wa figo, akapewa fomu yenye visanduku saba, akaisoma mara mbili huku karani akihema kwa kuchoka kungoja, akaweka vema katika sita, na katika cha saba, kilichosema damu yake ihifadhiwe na itumike katika tafiti nyingine, akaweka mkasi, kwa kuwa hakutaka.

Kwa miaka karibu mitano alitolewa damu kila baada ya miezi mitatu, bila kunung'unika, hadi tarehe 6 Februari 2017 ilipokuja barua ya kumshukuru kwa mchango wake katika utafiti wa ugonjwa asiowahi kuugua. Alivaa miwani akaenda ofisini kwao, mumewe akimfuata nyuma, na karani akamfungulia fomu na kusema, "Mama, si umeweka alama mwenyewe? Vema au mkasi, kwetu kisanduku chenye alama ni ndiyo." Akamjibu, "Mwanangu, nimepiga watu mikasi miaka thelathini na tano, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kwao akasema amepata."

Daktari wa utafiti alisema ni kutoelewana kudogo tu. Dada yetu aliuliza ni wazee wangapi wengine walioweka mkasi, naye daktari akatazama simu yake. Tangu hapo hakuamini tabasamu la ofisi ile, akawa anakwenda kuketi kwenye benchi lile lile kuwauliza wenzake, akapata tisa waliokataa wakahesabiwa kuwa wamekubali, na barua tatu alizoiandikia kamati ya maadili zilijibiwa mara moja tu, kwamba suala linashughulikiwa.

Figo zake zilianza kushindwa Machi 2018. Wodini, kila sindano ilipokuja aliuliza, "Hii ni ya kunitibu au ni ya kwenu?" na muuguzi wa zamu alimwonyesha karatasi ya daktari pasipo kununa. Alifariki Jumapili, tarehe 21 Oktoba 2018, saa kumi na dakika kumi alasiri.

Familia inawashukuru madaktari wa wodi, muuguzi yule, walimu wenzake, na majirani waliopika na kufua kwa siku zote hizi. Daktari wa utafiti naye yupo, ameketi karibu na mlango, na tumepokea rambirambi zake pamoja na barua aliyotuletea jana, inayosema damu yote ya marehemu imeteketezwa kwa kufuata taratibu, lakini haina tarehe ya kuteketezwa, haina idadi ya chupa, wala jina la aliyeshuhudia. Tunaviomba vitu hivyo vitatu kwa maandishi, na tunaomba wale tisa wajibiwe wangali hai, kwa sababu leo tunamzika dada yetu na hatuna hakika kama tunamzika akiwa kamili.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, nasi hatutaacha kuuliza.