Jibu la Ileile

Benchi la nje ya kibanda cha Kinyozi liliweza kukaliwa na watu wanne, mradi mmoja wao akubali upande wenye msumari. Asubuhi hiyo upande wa msumari alikaa Dobi, tena bila kulalamika, wenzake wakajua ana lake moyoni. Manyunyu yalikuwa hayajakatika, na nguo za watu zilimlalia kwenye ndoo. Kinyozi, mwenye benchi, alimmiminia kahawa. Mwalimu mstaafu, ambaye kijiwe kizima kilimwita Asilimia kwa kupenda kupigia kila jambo hesabu, alimsogezea sukari. Ndipo Dobi akaanza kusimulia habari za jamaa yake mmoja.

Mke wa huyo jamaa, alisema, kwa miaka alikuwa akikohoa tu, akicheka au akinyanyua beseni, mkojo unamponyoka. Mwaka huu wakampasua, wakamwekea utepe mwembamba wa kushikilia njia ya mkojo. Daktari akamwambia akohoe palepale mbele yake, lisitoke hata tone. Upasuaji umefaulu, akasema. Jana muuguzi kapiga simu kumuuliza mama hali yake ikoje ukilinganisha na kabla ya kupasuliwa: ni bora, ni ileile, au mbaya zaidi? Mama akajibu:

— Ileile.

Jamaa alikuwa amekaa hapohapo, akasikia kwa masikio yake. Hakuna aliyeuliza jamaa huyo ni nani. Wote walijua Dobi hana jamaa mtaani.

— Huyo kapona, alisema Asilimia. Tone likiwa sifuri, kufaulu ni asilimia mia. Mgonjwa hajisahihishii mtihani.

— Mbona mimi namnyoa mtu vizuri, akajibu Kinyozi, anajitazama kwenye kioo ananiambia sijamnyoa? Kichwa si chake?

Asilimia akashikilia kwamba kipimo ni kioo, si mwenye kichwa. Basi yakaanza mengine. Kinyozi alidai utepe ukikazwa kupita kiasi hubana na furaha, mtu akabaki mkavu kila mahali. Asilimia akasema wanawake hawakiri kupona, wasije wakarudishiwa mabeseni. Mwisho wakakubaliana kuwa hata simu yenyewe ilikuwa ya matapeli. Dobi alicheka walipocheka, ila kila mara alichelewa kidogo.

Mwisho wa benchi alikuwapo dereva wa lori, mgeni, akisubiri zamu yake ya kunyolewa. Aliweka kikombe chini.

— Samahani wazee wangu. Kwani huyo mama, alipokubali kupasuliwa, alitaka apone ili afanye nini?

Kinyozi akaanza kupangusa mashine iliyokuwa safi. Kila mmoja alitazama pengine, asimtazame Dobi. Dobi alilitafuta jibu katika yote aliyoyajua kuhusu mkewe, na hakulipata. Akaaga, kahawa akaiacha nusu.

Nyumbani alimkuta mkewe anakunja mashuka ya wateja. Akamuuliza kama alivyouliza dereva, neno kwa neno. Mwanamke hakuinua macho mpaka shuka lile likaisha.

— Nilitaka nipande basi niende kwa mama.

Basi la kwenda kwao lilikuwa la kutwa, na dereva wake hasimami njiani kwa sababu mtu mmoja kaomba kwenda haja. Mama mkwe aliugua muda mrefu, akimwita binti yake kwa jina mpaka sauti ikamwisha. Ndugu walisema binti kawa na moyo wa jiwe. Mazikoni alikwenda Dobi peke yake, akamwombea mkewe radhi kwamba ana homa, maana ndivyo alivyoambiwa aseme. Moyoni aliamini mama na mwana walikuwa wamekosana, na kwa kuamini hivyo hakuuliza. Zamu ya upasuaji ilifika kaburi limeshaota majani.

Dobi alitaka kusema pole. Badala yake akalipokea lile shuka lililokunjwa.

— Sasa naweza kukaa ndani ya basi kutwa nzima, alisema mkewe, akivuta shuka jingine. Nikashukie kwa nani?