Mazoezi ya Kesho Kutwa

Sina desturi ya kusikiliza ya watu, lakini katika basi la kwenda hospitalini sauti ya fundi cherehani ilinifuata kitini. Alikuwa akimwonyesha dobi aliyeketi kando yake kadi ya mazoezi ya kiuno. "Mama, leo mtaalamu wa viungo akiridhika, narudi kwenye cherehani. Sare za shule nzima zinaningoja."

Dobi, aliyepona kiuno kwa mazoezi hayo hayo, aliikagua kadi. "Kulala chali, kukunja magoti, kutembea polepole. Umeweka tiki zote, baba?"

"Zote! Asubuhi na jioni."

"Hata za kesho na kesho kutwa?"

Fundi alikohoa. "Nilitangulia kidogo. Mgongo unataka godoro, mama, si sarakasi."

"Wangu ulitaka sarakasi, na leo nakamua mablanketi."

Katika bweni nilimolelewa, aliyeghushi daftari la usafi alipiga deki wiki nzima. Nilitazama dirishani nisije nikacheka.

Basi likasimama langoni mwa hospitali. Fundi alijaribu kuinuka mara mbili, kisha akanyoosha mkono. "Nivute, mama."

Dobi alikumbatia kikapu chake. "Inuka vilevile ulivyoinuka kesho kutwa."