Mpaka Apunge Mkono

Mheshimiwa Meya, Mchungaji wetu, Daktari Pillai, Ndugu Colin Storey, unayekabidhiwa ufunguo wa Nguzo leo, wageni wetu mliotoka mbali, nanyi watu wa Hetherlaw mliokuja na viti vyenu kutoka nyumbani: poleni na upepo huu, na karibuni sana.

Mama yangu, Bi Ivy Rutter, mlinzi wetu anayestaafu leo, ameingia mlangoni mwa Nguzo sasa hivi, kwa hiyo mimi sina budi kuanza. Wageni wetu mwelewe kwamba hapa kwetu mlinzi wa Nguzo, mnara huu wa kumbukumbu ya wachimba mgodi wetu, anapostaafu huupanda peke yake, na mtu wake wa karibu huhutubia mpaka mlinzi atokee kule kwenye roshani na kupunga mkono. Kabla ya hapo hotuba haikomi, na hakuna ruhusa ya mtu kumfuata ngazini.

Desturi hii tumeachiwa na wajane. Siku mgodi ulipolipuka, mchungaji wa wakati ule alisimama kwenye mdomo wa shimo akasema na wanawake bila kupumzika, maana kila aliponyamaza walisikia kimya cha chini. Alisema mpaka kizimba, kile cha kuwatolea wachimbaji shimoni, kikapandishwa. Maiti waliokuwa ndani yake ndio hawa ambao majina yao yamechongwa hapa nyuma yangu, na babu yake mama ni mmoja wao.

Naona kitambaa chekundu cha mama kwenye dirisha la chini. Vizuri. Anakwenda taratibu, kama alivyoniahidi.

Nimsifu vipi mtu ambaye nimegombana naye wiki nzima? Tangu majira ya baridi, alipoanguka jikoni, kitanda chake tumekishusha sebuleni kwa sababu moyo wake hauwezi tena ngazi za nyumba yake mwenyewe. Daktari Pillai, uliyeketi hapo mbele, ulimkataza kwa upole, na mimi nikamkataza kwa ukali. Akatusikiliza sote huku akinywa chai, kisha akaniambia, "Janet, nilipanda Nguzo hiyo nikiwa na mimba yako ya miezi minane, hukusema kitu. Leo ndiyo umepata mdomo?"

Nilimjibu kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Yeye alicheka. Mimi toka asubuhi neno hilo limenikaa kooni, na laiti ningeweza kulimeza.

Kuna mtu ameona dirisha la kati? Bado? Haya, tuendelee.

Wengi wenu mlipanda mara ya kwanza mkiwa watoto, naye akiwa nyuma yenu akiwahimiza. Mnamkumbuka yule polisi mkubwa, mgeni, aliyefika juu akaukumbatia ukuta na kukataa kushuka? Wenzake walimcheka wakamwacha. Mama alipanda na chupa ya chai, akaketi naye, akamuuliza habari za mkewe na mbwa wake mpaka miguu ikaacha kutetemeka. Ndipo akamwambia, "Haya mwanangu, usitazame chini. Tazama mgongo wangu, ni mpana, utakutosha." Walishuka pamoja, na mama hakumtaja jina kwa mtu yeyote, hata kwangu, ingawa nilimbembeleza sana. Hivyo ndivyo alivyowatunza watu.

Sasa mbona dirisha la kati halina mtu? Ndugu Colin, wewe una macho mazuri. Umemwona akipita? Hukumwona.

Daktari, tafadhali keti. Najua unachofikiri, nami nafikiri hilohilo, lakini aliniapisha. Alisema nikimtuma mtu nyuma yake, hatanisamehe. Je, mtoto afanye nini? Avunje kiapo ampate mama mwenye hasira, au akitunze na asimpate kabisa?

Ndugu zangu, naogopa. Nilikuwa nimeandika maneno mazuri kuhusu historia na utalii, na karatasi ninayo hapa, lakini siwezi kuisoma. Nitasema tu la kweli. Mama, hukuwahi kuniambia unanipenda, na mimi sikuwahi kukuambia, kwa sababu nyumbani kwetu mtu alikuwa anaulizwa kama ameshakula, na hilo lilitosha. Leo halitoshi. Nakupenda. Nimekukasirikia kwa sababu sijui nyumba ile nitaingiaje usipokuwamo. Kama umeketi ngazini humo gizani, pumzika. Usione aibu kurudi. Hakuna hata mmoja hapa atakayekucheka.

Colin, nenda. Chukua taa, nenda. Laana na iwe yangu.

Hapana, ngoja. Simama hapohapo.

Yule pale. Ameshika ukuta kwa mkono mmoja, kitambaa kimemtoka kichwani, lakini ni yeye. Anapunga. Anatupungia, jamani, kama mtu aliyekwenda dukani tu.

Basi kwa desturi yetu hotuba yangu imekwisha. Lakini nikimtazama pale juu naona kwamba wajane wetu, Mungu awarehemu, walifikiria kupanda tu. Mama yangu bado hajashuka, na magoti yake kwenye kushuka ni mabaya zaidi.

Kwa hiyo Mheshimiwa Meya, chai na pai zipo tayari ukumbini, karibuni mtangulie. Mimi napanda kumpa mgongo wangu. Asanteni kwa kumngojea pamoja nami.