Nyar Kericho: Safari ya Mama Jerusa Amondi Ouko, 1957–2025

Chiii. Hiyo ndiyo sauti anayoikumbuka kila aliyewahi kufika kwa Mama Jerusa Amondi Ouko: chai ya maziwa ikipanda, ikifurika ukingo wa sufuria na kumwagikia makaa. Angeweza kuiwahi, lakini hakutaka. Mama yake alikuwa amemfundisha kwamba chai ambayo haijafurika bado ni maji yenye rangi tu. Majirani wa hapa Kipkelion walizoea kwamba wakiisikia sauti hiyo wakiwa njiani, wakaze mwendo.

Mama Jerusa alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, nje kidogo ya mji wa Kericho. Alikuwa kifungua mimba wa watoto sita wa marehemu Mzee Ogada Opondo na marehemu Mama Akello. Baba yake alitoka Alego, upande wa ziwa, akaja kutia kuni kwenye tanuri la kiwanda. Mama yake alichuma majani. Mbele ya mlango wao palikuwa na chai, nyuma ya nyumba palikuwa na chai, na mvua ilinyesha kila alasiri kana kwamba nayo imeajiriwa. Wazazi walipotaja nyumbani walimaanisha Alego, kwa hiyo mtoto Jerusa alikua akidhani kwamba nyumbani ni mahali mtu anapokwenda wakati wa Krismasi, akaumwa na mbu, kisha akarudi.

Alianza masomo mwaka wa 1964 katika shule ya msingi ya shamba hilo. Siku moja mwalimu aliwaambia watoto wasimame mmoja mmoja waseme kwao ni wapi. Wenzake walitaja milima na mito. Jerusa alisimama akasema, "Nyumba namba tisa." Darasa zima lilicheka, naye akacheka pia, ingawa hakuwa ametania. Mwaka wa 1978 baba yake alistaafu, nyumba namba tisa ikapewa mfanyakazi mwingine, na mzee akarudi Alego na kitanda chake. Kuanzia hapo Jerusa hakuwa na mlango wa kubisha mahali alipozaliwa. Swali la yule mwalimu lilimfuata maisha yake yote, na jibu lake limepatikana mwaka huu.

Baada ya sekondari, aliyoimaliza Kericho mwaka wa 1975, alisomea uuguzi Nakuru kwa miaka mitatu na nusu. Alifanya kazi Kericho, kisha akahamishiwa kituo cha afya cha hapa Kipkelion. Kina mama wengi walioketi hapa leo walijifungulia mikononi mwake, na baadhi ya watoto hao ndio waliobeba viti asubuhi hii.

Ni katika kituo hicho alipokutana na Mwalimu Alexander Ouko, aliyekuwa akifundisha hesabu katika shule jirani. Mwalimu alikuja na kidole kilichobanwa na dirisha la darasa. Akarudi wiki iliyofuata kidole kiangaliwe tena, na wiki nyingine tena, kidole kikiwa kimepona kabisa. Jerusa alimwambia kwamba kama anataka kuongea, aache kuleta kidole, alete mdomo. Walifunga ndoa kanisani tarehe 18 Desemba 1982. Mungu aliwajalia watoto wawili, Vivian na Opondo.

Krismasi ya mwaka huo Alexander alimpeleka kwao Karachuonyo. Bi harusi alikuwa ameifanyia mazoezi salamu ya Kijaluo njia nzima. Lakini alipomwona mama mkwe akija na mikono wazi, woga ukamshika, na salamu iliyomtoka ni ile ya watoto aliocheza nao kwenye chai. "Chamgei," akasema, kwa Kikipsigis safi. Boma lote likaangua kicheko. Kwa desturi ya huko, mke huitwa kwa mahali alikotoka: huyu Nyar Gem, yule Nyar Asembo, maana yake binti wa Gem, binti wa Asembo. Jerusa alistahili kuitwa Nyar Alego. Lakini tangu salamu ile aliitwa Nyar Kericho, na jina likakaa.

Mwaka wa 1989 yeye na Alexander walinunua ekari mbili hapa tulipoketi, kutoka kwa mzee aliyemzaa jirani yetu Aron Kiptanui. Walijenga pia nyumba Karachuonyo, kama desturi inavyotaka, na mwaka hadi mwaka funguo zake zilikaa kwenye msumari zikingoja Desemba.

Mwaka wa 2002 Uingereza ilikuwa ikitafuta wauguzi. Mama Jerusa aliomba, akaitwa. Alexander alibaki na watoto na ng'ombe wawili, naye akaenda mji wa Grimsby, kando ya bahari baridi, kufanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Wiki ya pili akatamani chai. Huko aliletewa kikombe cha maji moto na kipakiti cha karatasi kikielea ndani, maziwa baridi pembeni. Alisoma kwenye boksi kwamba majani hayo yalitoka Kenya, akasema yamesafiri mbali sana kuja kuteswa. Basi akaingia jikoni, akatia maziwa, majani na sukari katika birika la umeme, akasimama akingoja chai ifurike.

Ikafurika. Birika lilitoa moshi, kengele ya moto ikalia, na wazee wote wakatolewa nje wakasimamishwa kwenye nyasi, wamevaa slipa na blanketi. Jerusa alikuwa na hakika kwamba safari yake imeishia hapo. Bibi mmoja wa miaka tisini, Margaret, alimvuta mkono akamwuliza kama kuna iliyobaki. Sufuria ilinunuliwa wiki hiyohiyo. Kila Jumapili alasiri wazee wa Grimsby walipikiwa chai ya Kericho, na Margaret alisogeza kiti chake karibu na jiko aisikie ikimwagika.

Alikaa huko miaka kumi na sita, na hakumruhusu mtu yeyote kuisema vibaya Uingereza mbele yake. Alisifu basi lililofika dakika iliyoandikwa, na maji moto ya bomba, na wakubwa wa kazi waliosema asante. Alisifu Jumamosi nzima aliyoweza kukaa na soksi miguuni bila mtu kumwuliza kwa nini hajaenda popote. Kilichomshinda kuzoea ni ukuta. Upande wa pili wa ukuta wake aliishi mwanamume aliyemfahamu kwa kikohozi tu. Kikohozi kilipozidi, alimpelekea chai. Yule bwana alishukuru kwa adabu, akafunga mlango polepole, na kesho yake kikombe kilikuwa mlangoni, kimeoshwa. "Kule watu wanakuacha upumue," aliwaambia wanawe. "Huku wanakuja kupumua na wewe." Wakimwuliza pazuri ni wapi, alijibu kwamba inategemea siku hiyo una mafua au huna.

Kule, watu walipomwuliza ametoka wapi, alisema Kericho, na jibu likatosha. Ni huku lilikokuwa halitoshi. Ukisema Kericho, mtu anatazama jina lako la mwisho, anaona ni la Kijaluo, kisha anauliza mara ya pili.

Alirudi tarehe 9 Juni 2018, na hapo familia ikagundua kwamba aliyerudi amekuwa Mwingereza kidogo. Wageni wa siku ya kwanza walimfurahisha. Wa wiki ya tatu walimkuta na taulo kichwani. Akamwomba Alexander achore kibao cha getini: TAFADHALI PIGA SIMU KABLA YA KUJA, na namba ya simu chini. Mwalimu alikichora vizuri sana, kwa herufi za ubaoni.

Sasa, kila mtu anajua namba ya simu kwenye geti ina maana gani. Maneno hayakusomwa na mtu. Mabroka walipiga simu kutoka Kericho, Bomet, hata Nakuru, wakitaka kujua ekari ni ngapi na bei ya mwisho ni ipi. Rodah Chepyegon, mkewe Aron, alikuja akilia na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando, kwapani, akauliza wamekosa nini mpaka jirani yao auze shamba akimbie. Habari ikafika Karachuonyo. Mzee Ogola, kaka mkubwa wa Alexander, alipiga simu kwa furaha kusema kwamba nyumba imefagiwa, na kwamba ni vizuri Nyar Kericho ameamua mwishowe kuja nyumbani.

Alexander aliongeza neno moja chini ya kibao: HATUUZI. Lakini Mama Jerusa aliiweka ile simu ya Ogola moyoni. Alikuwa ameelewa kwamba kuna watu wanaomngoja mahali fulani, kwa upendo, na kwamba mahali penyewe si hapa.

Kibao kilibaki, na majirani wakakitii kwa namna yao. Aron alikuwa akiingia jikoni, anavuta kigoda, anakaa, kisha anatoa simu na kumpigia Mama Jerusa aliye mbele yake kumwarifu kwamba yuko karibu kufika. Naye alipokea, akamwambia njoo tu, maji yako motoni. Alexander alikuwa akimtania kwamba alipokuwa kule alikuwa mtu wa huku, na amefika huku amekuwa mtu wa kule.

Februari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Vivian, anayefanya kazi Leeds, alimsihi arudi akatibiwe Uingereza. Alifikiri siku kadhaa, akasema dawa za kule ni nzuri, lakini saa ya kuona wagonjwa ni fupi. Alitibiwa Nairobi, akarudi hapa kupumzika. Alipoona nguvu zinapungua, alimwambia Alexander jambo alilolificha tangu ile simu: alitaka kuzikwa hapa, mteremkoni chini kidogo ya jiko, upande wa chai ya Aron. Alexander alijua kwamba kwao mke huzikwa katika boma la mumewe, na kwamba boma hilo liko Karachuonyo. Alijua pia kwamba wazee wakikataa, yeye ndiye atakayebaki katikati.

Alexander alipowapelekea habari, Mzee Ogola alifika Agosti mwaka huu pamoja na wazee wawili wa ukoo. Alisema kwa upole kwamba nyumba ya Nyar Kericho iko tayari miaka yote, na kwamba boma litaulizwa kwa nini mke amelala ugenini kama mtu asiye na watu. Mama Jerusa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka kitini, akishika ukuta, akaenda kuwapikia wageni chai. Baada ya muda ikasikika sebuleni ile sauti kutoka jikoni.

"Nyar Kericho," Ogola akaita, "njoo ukae. Wengine wataipika."

Ndipo akalisikia jina alilomwita kwa kinywa chake. Akawageukia wenzake. "Miaka arobaini na mitatu tunamwita mtoto wa Kericho. Leo tumekuja kumwambia Kericho si kwao."

Mzee mmoja alikumbusha kwamba kila mke wa boma lile ana jina la kwao, na wote wanazikwa bomani.

"Hao wengine waliacha boma la baba," Ogola akajibu. "Huyu aliacha nyumba namba tisa ya kampuni. Boma lake la kwanza duniani ni hili."

Kisha akamwuliza mdogo wake, na yeye je, atazikwa wapi. Alexander alisema, "Nitamfuata. Ile safari nyingine alienda peke yake."

Wazee wakakubali, kwa sharti moja la Ogola, kwamba udongo wa Karachuonyo uje ulale naye. Udongo huo uko hapa leo. Mzee ameuleta ndani ya pakiti ya majani ya chai, akasema hakupata mfuko mwingine.

Mama Jerusa alituacha Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025, saa tano asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Amemwacha mumewe, Mwalimu Alexander Ouko. Watoto wake, Vivian na Opondo. Wajukuu wanne, watatu wa Nakuru na mmoja wa Leeds aliyefika juzi na tayari amekunywa vikombe vitano. Ndugu zake watano. Shemeji yake, Mzee Ogola, na boma zima la Karachuonyo. Aron na Rodah. Na mji mzima huu. Mungu amlaze mahali ambapo hakuna atakayemwuliza mara ya pili.

Mliopita getini leo mmeona misumari miwili mitupu. Asubuhi ile ya mwisho Alexander alikuwa ameketi kando ya kitanda, akidhani mkewe amelala. Mama Jerusa alifungua macho, akatazama dirishani kwa muda mrefu, upande wa njia. Sauti ilikuwa ndogo sana, mpaka Alexander akainama kuisikia.

"Baba Vivian," alisema, "kile kibao king'oe. Watu watakuja, na wengine hawana kredit ya simu."