Maisha ya Ludwina Furrer wa Innerfalden, Aliyetangulia Bila Kutarajiwa

Padri wetu, ndugu, majirani na nyote mliopanda bonde kuja kutushika mkono: wasifu huu umeandikwa na watoto wa marehemu kwa haraka ambayo hawakuitegemea, na unasomwa na mdogo wake, Alban Ruppen. Siku chache zilizopita waliketi meza ileile kuandika wasifu wa mtu mwingine.

Ludwina alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 hapa Innerfalden, pale barabara ya bonde inapokomea, katika nyumba ya mbao nyuma ya kanisa hili. Alikuwa mtoto wa tatu wa Meinrad na Kreszentia Ruppen. Februari ya mwaka 1961 maporomoko ya theluji yalishuka mlimani na kulifunika zizi la baba yake, Ludwina akiwa ndani akikamua. Wanaume walichimba tangu adhuhuri hadi jua likazama, na mama yake alikwishaanza kusali sala za marehemu. Walimkuta chini ya hori, amemkumbatia mbuzi. Baba alipomvuta mkono, mtoto alifoka, “Taratibu, baba! Unamkanyaga mbuzi!” Tangu hapo kijiji kizima kilisema huyu mlima umemkataa, atazikwa na uzee.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja hapa kijijini kuanzia 1958 hadi 1966. Mwaka uliofuata wazazi walimpeleka mjini, kule chini bondeni, akajifunze upishi na ushonaji kwa watawa. Alivumilia msimu mmoja wa baridi. Pasaka ilipofika alirudi kwa miguu, sanduku begani, na mama alipomuuliza kulikoni alijibu, “Mama, kule ni tambarare. Mtu analalaje mahali pasipo na mlima wa kuegemea?” Watawa waliandika kwamba binti alikuwa na akili ila hasikii. Mama alisema, hilo la pili analijua.

Kuanzia mwaka 1968 alikuwa mtengeneza jibini wa malisho ya juu. Kila Juni alipanda na ng'ombe wa kijiji, na kila Septemba alishuka nao, kengele zikilia njia nzima, uso umeungua jua na mikono inanuka moshi. Alifanya hivyo hadi 2003, magoti yalipogoma. Baada ya hapo alishika tanuri la kijiji, na wengi mlioko hapa mmekula mkate wake mweusi, ule ambao ukikaa miezi mitatu unahitaji shoka. Hakupenda kusifiwa. Ukimwambia mkate mtamu, alikuuliza kama umekuja kukopa kitu.

Anselm Furrer alikuja kutoka bonde la chini mwaka 1973 na kikosi kilichojenga vizuizi vya theluji juu ya kijiji. Mchana mmoja alipanda hadi kwenye kibanda cha malisho kununua jibini, akaonja, akakunja uso.

“Chumvi imezidi,” alisema.

“Kama imezidi, kaoe ng'ombe ukajikamulie,” alijibu Ludwina, wala hakuinua macho kutoka kwenye sufuria.

Anselm alirudi Jumapili iliyofuata, na Jumapili iliyofuata hiyo. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 10 Mei 1975, mvua ya mawe ikinyesha. Mungu aliwajalia watoto watatu: Philomena, Kilian, na Damian mdogo aliyeishi juma moja tu. Waligombana kila siku ya ndoa yao, tena kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, na hatukumbuki hata usiku mmoja ambao walilala wamenuniana.

Katika wasifu, hapa ndipo husomwa habari za ugonjwa. Ludwina hakuugua. Aliyekuwa mgonjwa ni Anselm. Moyo wake ulianza kuchoka miaka miwili iliyopita, na tangu Julai mwaka huu hakutoka kitandani. Ludwina alimwosha, alimlisha mchuzi kwa kijiko, na alipoona macho yake yanafumba alimpigia kelele: “We mzee, usife kabla ya chakula, nimeshapika!” Tarehe 12 Agosti daktari aliwaita watoto waje kumuaga baba yao. Padri alimpaka mafuta matakatifu. Ludwina akaitoa suti nyeusi ya mumewe kabatini, akaipiga pasi, akaitundika mlangoni, kisha akatoka uani kulia mahali ambapo mumewe hangemsikia.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 14, anga lilikuwa jeupe, hapakuwa na upepo. Nyasi za shamba la juu zilikuwa zimekomaa, na mvua ilitangazwa kwa kesho yake. Ludwina alichukua fyekeo lake. Kilian alimfuata mlangoni.

“Mama, acha. Nitakata mimi.”

“Wewe? Na viatu hivyo vya ofisini? Utajikata mguu, nibaki na wagonjwa wawili. Kaa na baba yako. Supu iko jikoni, msiimalize.”

Jirani yake Seraphine alikuwa akigeuza nyasi katika shamba la pili. Anasema alisikia sauti juu kabisa, kama lori linalomwaga kokoto, akainua kichwa, akaliona jiwe likiruka. Moja tu. Alipiga kelele, “Ludwina! Juu! Angalia juu!” Ludwina aliinua uso, akaweka kiganja kwenye paji kujikinga jua. Hakupata muda wa kushusha mkono.

Helikopta ilikuja kwa kasi, ikaondoka polepole. Sisi watu wa milimani hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Philomena ndiye aliyeingia chumbani kumwambia baba yake. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto hesabu, “Mmekosea, binti yangu. Wa kufa ni mimi.” Akarudia. Kisha alijiinua, akashusha miguu sakafuni, akaomba suruali. Leo ameketi mbele yenu, ndani ya suti ile.

Kilian, hili naliongeza mimi mjomba wako: mama yako alikukataza. Juma hili umemuuliza kila mtu kama ungepaswa kwenda wewe, nasi tunakujibu mbele ya watu: alikukataza, na hapakuwa na aliyewahi kumshinda.

Jana Padri alimuuliza Anselm angependa tuseme nini juu ya mkewe. Alisema, “Andikeni alikuwa mzima. Asubuhi ile alikuwa mzima kabisa.” Tumeandika.

Ludwina ameacha mume, Anselm, watoto wawili, Philomena na Kilian, wajukuu wanne, mdogo wake, Alban, na Seraphine, ambaye tangu Jumatano hajazungumza kwa sauti.

Ee Bwana, umemchukua ghafla, mpokee taratibu. Na apumzike kwa amani, Ludwina wetu, chini ya mlima wake.