Marehemu Yazid bin Mahfoudh, Mlinzi wa Chuo cha Amerika

Siku ya mwanzo kumuona marehemu Yazid bin Mahfoudh ilikuwa Alkhamis, tarehe 8 Februari 1990, nilipokwenda Azaiba, hapa Maskati, kumuoa dada yake, Mahfoudha. Alikuwa na miaka kumi na saba na ameujaza mlango wote. Aliitazama kanzu yangu mpya kutoka shingoni mpaka chini, akauliza, "Wewe bwana harusi au fundi wa AC?" Nilikuwa vyote viwili, na AC yao ilikuwa mbovu kweli. Nikavua kanzu, nikaitengeneza kabla ya nikaha. Tangu hapo aliniita Fundi, mbele ya watu na nyuma yao.

Marehemu alizaliwa Unguja, mtaa wa Kikwajuni, tarehe 14 Machi 1972, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Mahfoudh na Bi Kheiria. Wazee wake walihamia Maskati mwaka 1975. Alisoma hapahapa mpaka akamaliza sekondari, na Agosti 1991 baba yake akampeleka Amerika, jimbo la Kansas, kusomea uhandisi wa maji.

Huko waliuona mwili wake wakamtia katika mpira wao. Si mpira wetu huu. Wao mpira wao mrefu kama papai, unabebwa mkononi, na wachezaji wanavaa kofia ngumu. Kazi ya marehemu ilikuwa moja: anayekuja na mpira, amwangushe. Aliifanya kwa misimu mitatu, 1992 mpaka 1994, na jezi yake ilikuwa namba 54. Novemba 1994 aligongana na mtu kichwa kwa kichwa akazimia. Wakamnusisha dawa, wakamuuliza leo siku gani. Akasema Ijumaa. Ilikuwa Jumamosi. Wakamrudisha uwanjani.

Sasa nitasema jambo ambalo familia inalijua nusu.

Bi Kheiria alisoma Msahafu vizuri, lakini herufi za kizungu hakuzijua. Mahfoudha alisoma skuli za hapa. Kiswahili anakisema, kukisoma kunamshinda. Mimi niliishia darasa la saba Unguja, na katika nyumba ile mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa barua. Oktoba 1992 marehemu aliandika: "Mama, nimechaguliwa kuwa mlinzi wa chuo. Nasimama mbele. Hapiti mtu. Kila Jumamosi watu wanakuja kunitazama."

"Mlinzi vipi?" akauliza Bi Kheiria. Jirani yake, Bi Mahbuba, alikuwepo anakunywa kahawa.

"Bawabu," nikasema. "Anakaa langoni."

"Mwanangu bawabu? Na hao watu wanamtazama nini?"

"Labda ukubwa wake."

Bi Mahbuba akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Kheiria, kwani hapa Maskati malango yamekwisha, hata mwana akatafute lango Amerika?"

Neno lile la mlinzi marehemu alilitoa katika kamusi. Angeandika beki, hata mtoto angefahamu. Na mimi ningeweza kusema sijui. Sikusema. Ilinipendeza kuwa mtu anayejua.

Siku ile ile Mzee Mahfoudh alimpigia simu. "Nimekupeleka uwe mhandisi, umekuwa mlinzi?" Marehemu alidhani baba yake anaudharau mchezo wake. Akajibu, "Ndiyo, mlinzi, na wewe kazi hii hungeiweza." Mzee akamwambia asikanyage mlango wake. Barua zilizofuata zilirudishwa bila kufunguliwa. Bi Kheiria aliacha kwenda kwenye harusi za watu, maana kila harusi Bi Mahbuba alikuwepo. Bi Kheiria alifariki tarehe 3 Januari 1995. Barua ya kumpa marehemu habari ya msiba niliiandika mimi.

Arubaini ilipopita, kijana mmoja wa Al Khoudh, Aflah, aliyesoma na marehemu, alileta kaseti ya video. Picha ilitoka bila rangi, inaruka, lakini Yazid tulimuona, anakimbia, anaangusha watu.

"Huyu anafanya nini?" akauliza Mzee.

"Ndiyo kazi yake, ami. Mlinzi. Nyie mnasema beki."

Mzee hakumtazama Aflah. Alinitazama mimi. "Mke wangu amezikwa akijua mwanawe bawabu," akasema, kisha akaniambia nizime video.

Mzee alimwita mwanawe arudi. Marehemu alikuwa amejaribu timu ya kulipwa. Walimweka siku kumi na moja wakamwambia ni mfupi mno. Alirudi Oktoba 1995, akaajiriwa mhandisi serikalini. Tarehe 20 Agosti 1998 alimuoa Bi Ruba bint Saeed wa Bustan. Siku ya harusi binamu zake sita walitaka kumbeba juu juu, wakashindwa. Akawabeba yeye, wawili wawili, mpaka mlangoni kwa bibi harusi.

Maradhi yalianza mwaka 2003 kwa kichwa kuuma. Mwaka 2005 alitoka kazini kwenda Azaiba, njia iliyonyooka, akapatikana Barka, mji mwingine kabisa, gari halina petroli. Siku moja niliingia jikoni kwake nimebeba sufuria ya wali. Alinirukia, akaniangusha, akasimama juu yangu akijipigia makofi. Watoto walicheka. Yeye alikuwa hacheki. Daktari wa Mumbai alisema ni yale magongano ya kichwa, na kwamba ubongo wake ni wa mzee wa miaka themanini. Mara nyingi aliuliza kwa nini Mama haji kumtazama, na kila akijibiwa, alilia kama ndiyo kwanza anasikia.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 11 Novemba 2008, alfajiri, na akazikwa siku hiyo baada ya Alasiri. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Ameacha mke, Bi Ruba. Watoto wawili, Atheer na Aya. Baba yake, Mzee Mahfoudh. Na dada yake, Mahfoudha. Mwenyezi Mungu amsamehe, na ampe huko utulivu wa kichwa alioukosa hapa.

Habari ya bawabu nilikuwa sijawahi kumwambia marehemu. Miaka kumi na tatu nilikaa naye, nikila naye, na nikijua kuwa nisipomuomba radhi mapema akili yake itakwisha, utabaki mwili tu. Jumapili, siku mbili kabla hajafariki, saa nne za asubuhi, nilimkuta amekaa kitandani, macho yake mazima. Nikafunga mlango nikamwambia yote: barua, Bi Mahbuba, mama yake, na kwamba aliyefasiri ni mimi. Nikamuomba radhi. Aliitazama kanzu yangu kutoka shingoni mpaka chini, nikadhani ameshasahau nilichosema. Kisha akasema:

"Nnajua. Baba alinambia siku niliyoshuka ndege. Nilitaka nione utachukua miaka mingapi."