Fundi Ruphin na Pipa la Dizeli ya Desemba

Ndugu waombolezaji, marehemu Ruphin Mulonda, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1968 huko Uvira, Kivu Kusini, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1974 hadi 1980, kisha akajifunza umakanika Bukavu na kupata diploma mwaka 1987, na katika miaka yote hiyo hakuna mwalimu aliyemwambia kwamba dizeli huganda.

Tarehe 14 Agosti 1993 alifunga ndoa na Mama Brigitte, wakajaliwa watoto wawili, Murielle na Hénock, waliozoea kumjibu kwa Kiingereza kila aliposema Kiswahili, jambo lililomkera hadi mwisho.

Alifika Johannesburg Aprili 2003, akalinda maduka mjini kwa miaka sita, na mwaka 2009 akafungua gereji Diepsloot, ambako kila mwezi Mei aliwaeleza wateja, mpaka sauti ikamkauka, kwamba dizeli ya majira ya joto ina nta, kwamba baridi ikikaza nta hiyo huziba filta na gari hukata pumzi njiani, na kwamba dizeli ya majira ya baridi huchanganywa tofauti, nao wakamjibu, eish, Fundi, dizeli ni dizeli, halafu Julai, katikati ya baridi ya huku, wakaja wakivutwa kwa kamba, wakimlaumu yeye.

Tarehe 11 Julai 2018, alfajiri, lori la Mzee Othmani wa Mayfair, lililotoka gereji jana yake, likiwa limebeba mkate wa maduka ya spaza, yale madogo ya mitaani, lilizimika kwenye robot, yaani taa za barabarani, na Mzee Othmani akatangaza kila mahali kwamba Ruphin ameharibu pampu, wateja wakahama, na marehemu, ambaye hakuwahi kumwachia mtu neno la mwisho, safari hiyo akanyamaza.

Mzee Othmani, uliyeketi hapo mbele, pampu ilikuwa nzima. Mdogo wake marehemu, Théodore, ndiye aliyejaza tangi lako kutoka kwenye pipa alilonunua Durban, kwenye joto, tuliporudi kutoka mkutano wa kanisa wa Desemba, kwa kuwa Julai hiyo aliona uvivu kwenda kituo cha mafuta, na kesho yake akakuta pipa limeandikwa kwa rangi nyeupe, kwa mwandiko wa kaka yake, YA DESEMBA, basi akajua kwamba kaka anajua, na wote wawili wakakaa kimya miaka saba. Théodore huyo ndiye anayewasomea haya.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2024, akalazwa mara tatu, na akafariki tarehe 9 Julai 2025, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Diepsloot mliopika tangu siku ya kwanza, na mafundi wenzake mliofunga gereji zenu leo.

Pumzika kwa amani, kaka, mkono wako haukukosea.